Matairi Aliyotuletea Baba Mkubwa

Harufu ya tairi jipya siivumilii. Nasikia wako watu wanaoipenda. Mimi hunirudisha uani kwetu Kibiti, kwenye ule mwaka nisiotaka kuukumbuka na ambao ndio huo ninaoukumbuka kuliko yote. Mwanzo wa baridi iliyopita harufu hiyo ilinikuta katika gereji moja kaskazini mwa Uswidi, ninakoishi siku hizi nikitunza wazee wa watu. Nilikwenda kuchagua matairi ya theluji.

Kule si hiari. Baridi ikiingia na barabara zikaganda, sheria inakutaka uvue matairi ya kiangazi ulivishe gari yale ya baridi, na anayejitia ujanja huishia mtaroni. Kijana wa gereji alinionyesha aina mbili. Ya kwanza ina vichuma vidogo vilivyopachikwa kwenye meno, vya kuuma barafu. Mazuri kwa anayekaa mashambani, ila kwenye lami kavu yana kelele ya mashine ya kusaga. Matairi ya aina ya pili hayana chuma. Hayo hushika barabara kwa ulaini tu: mpira wake umepikwa makusudi ubaki laini hata kwenye baridi ya kukata masikio, na uso wake umejaa chanja nyembamba zinazong'ang'ania theluji. "Bonyeza uone," akaniambia. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ukucha ukazama.

Ubavuni palikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kitu kama ua. Alama ile naijua tangu utotoni. Niliwahi kuifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mahali ambapo barafu pekee tuliyoijua ilikuwa ile ya kuwekea kamba wasioze. Kijana akamalizia maelezo yake kama mtu anayekumbusha mwenzake kufunga mlango. "Majira ya joto uyavue. Joto linayalainisha kupita kiasi, yanalika upesi, na tairi likiwa chakavu na gari limejaa mzigo linaweza kukupasukia." Huko hilo wanalijua hata watoto wa shule. Nikamwomba kiti nikae. Nadhani alifikiri nimeshtushwa na bei.

Baba yangu alikuwa na pikapu. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka akina mama wa biashara ya kamba kutoka Kibiti hadi bandarini Nyamisati, na kuwarudisha pamoja na mabeseni yao. Kutoka Kibiti mpaka Bungu ni lami, hapo hata mlevi angeendesha. Ukiacha lami ukashika njia ya kushuka deltani, kiangazi unakula vumbi, na masika unakutana na tope jeusi lile linaloshika gurudumu kama deni la ukoo. Mwaka huo masika ilipokaribia, matairi ya baba yalikuwa yamebaki vipara.

Mama alitaka yanunuliwe kwenye duka la mzee wa Kihindi pale sokoni, ambaye baba yake pia alikuwa na duka hapo hapo. Sababu yake ilikuwa moja na aliisema bila kuzunguka. "Yule, likiharibika, naujua mlango wake. Ntakwenda nikae kibarazani kwake mpaka anibadilishie." Mama alikuwa mtu wa visiwani, huko huko deltani, binti wa mkata mikoko, na alizoea kununua kitu kwa mtu ambaye kesho atamwona tena. Baba akasema sawa, ngoja kwanza nizungumze na kaka.

Huyo kaka ndiye Baba Mkubwa. Aliishi Dar es Salaam, akifanya biashara ya matairi ya mitumba yanayoshushwa bandarini kutoka nchi za nje. Kila alipokuja Kibiti alichinjiwa kuku, na paja la kuku hilo halikupata kuonekana na mtoto. Baba yangu, mtu aliyeweza kubishana na askari wa barabarani mpaka askari akachoka, mbele ya kaka yake aligeuka mtoto wa madrasa. Alisema "ndiyo kaka" kabla ya kusikia swali. Kwa hiyo nilipoona matairi manne yanashushwa kwenye lori mlangoni kwetu, hakuna aliyehitaji kunieleza mazungumzo yalikwishaje.

Kibiti, enzi hizo, tairi la mtumba lilipimwa kwa ukucha. Sijui desturi hiyo ilianza wapi, lakini madereva wote waliifuata. Unachutama, unabonyeza mpira kwa kidole gumba. Ukucha ukigoma, tairi limekauka, limekaa ghalani miaka, liache. Ukucha ukizama, tairi bichi, chukua. Siku ile uani kwetu wanaume walipanga foleni kubonyeza. Kucha zilizama kana kwamba wanabonyeza embe bivu, na kila aliyesimama alitikisa kichwa kwa wivu.

"Bichi kabisa hili," akasema jirani yetu mmoja, dereva wa lori la mkaa. "Na meno yake, mwe! Tope la Nyamisati litaomba radhi."

Mama alikuja na mikono yenye unga. Yeye hakubonyeza. Alipitisha kiganja juu ya zile chanja nyembamba, akavipanua vijimeno viwili kwa vidole, akachungulia katikati. "Mbona limechanjwa hivi, kama mgonjwa aliyetoka kwa mganga? Mpira laini, tena umekatwakatwa. Hili litakaa kwenye jua?"

Wanaume walicheka. Baba Mkubwa alicheka kuliko wote, kisha akamwambia kwa upole ule wa kumtuliza mtoto, "Shemeji, kamba unawajua wewe. Matairi tuachie sisi."

Mimi nilikuwa nimeshaona alama. Mwalimu wetu alikuwa ametuchorea ubaoni mlima Kilimanjaro, akatuambia juu yake kuna theluji. Basi nilipouona mlima ubavuni mwa tairi nilikuwa na hakika kwamba hayo ni matairi ya Tanzania, yametengenezwa na serikali, na kwamba Baba Mkubwa amepewa kwa heshima yake. Nilikwenda kumwonyesha Bibi, mama yake baba, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachagua mchele.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "mimi macho yangu hayaoni hata punje ya mpunga. Huo mlima nitauona wapi?"

"Ni Kilimanjaro, Bibi."

"Haya, basi tumeula. Mpelekee mama yako maji ya kunawa."

Bibi na mama walipendana. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadaye palisemwa mengine. Mama ndiye aliyemwogesha, aliyempaka mafuta miguuni, aliyemsomea vidonge vyake kipi cha asubuhi na kipi cha jioni. Baba Mkubwa alipokuja alimletea mama yake kanga, akakaa naye dakika chache, akarudi kwa wanaume.

Masika ilikuja, na sitaki kusema uongo: matairi yale yalifanya maajabu. Magari ya wenzetu yalizama njiani, madereva wake wakavua viatu wakachimba kwa majembe, na pikapu yetu ikapita kando yao ikinguruma kidogo tu. Akina mama wa kamba walianza kumgombania baba. Jina la Baba Mkubwa lilitajwa Kibiti kwa dua. Wawili watatu wakamwagiza na wao wapate "yale yenye mlima". Jioni, baba alipoosha gari, nilimwona mama akipita karibu na kuligusa tairi kwa vidole, halafu anaviangalia vidole vyake.

Mvua zikaisha. Njia ikakauka, lami ikaanza kuchemka mchana, na vidole vya mama vikawa vinarudi vyeusi. Zile chanja zilikuwa zinafutika. Meno yaliyowatia watu wivu yalikuwa yanakwisha kama kipande cha sabuni. Siku moja alimwita baba akamwonyesha pembe ya tairi la nyuma, mahali mpira ulipokuwa umemenyeka ukining'inia.

"Baba Zuhura, haya si ya huku. Sijui ya wapi, lakini si ya huku. Yanayeyuka."

"Mpira hauyeyuki, mama Zuhura."

"Haya twende ukashike, tuone kama utatoka na kidole cheupe."

Baba hakwenda kushika. Alimwambia, "Usinichurie gari," akaingia ndani. Mimi, huyo Zuhura wao, nikamuuliza Bibi kuchuria ni nini. Bibi akaniambia ni mtu kulitamka baya kabla halijaja. Baya likasikia jina lake, likaja. Alinieleza kama anavyoeleza kila kitu, bila kukoleza, huku anatafuta tundu la sindano kwa kidole. Mimi nililimeza lilivyo.

Kiangazi kile ikatokea harusi ya mpwa wa Bibi, upande wa Somanga, ng'ambo ya daraja la Ndundu na mbele zaidi. Ukoo mzima ukaamua kwenda na pikapu. Asubuhi yake uani palikuwa na magunia ya mchele, mbuzi mmoja, masufuria ya kuazima, na watu wamevaa vizuri. Baba Mkubwa alikuja kutoka Dar kwa ajili hiyo. Bibi alipangiwa mbele, katikati ya wanawe wawili, na mimi nilipangiwa mapajani kwake. Nilivaa gauni la njano lenye mikono ya puto. Nilikuwa nimelala nalo kichwani ili nisilisahau.

Mambo yalichelewa, kama harusi zote. Walipokuwa tayari jua lilikuwa limekwisha panda. Mama akatoka ndani akalizunguka gari, akainama kwenye tairi la nyuma la kulia, akainuka. Akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida tu:

"Baba Zuhura, mama asipande humu. Gari limejaa, jua hili, na matairi haya hayatafika Somanga. Ngojeni alasiri lipoe, au mama tumpandishe basi."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea kulia. Baba Mkubwa akafungua mlango akashuka. "Astaghfirullah! Mwanamke, safari haijaanza, umeshaizika?"

"Sijazika mtu, shemeji. Nasema nilichokiona."

"Umeona nini? Umekuwa fundi lini?"

Mama akampita. Alikwenda kwa Bibi, akamshika mkono. "Mama, wewe baki na mimi. Kesho ntakupeleka mwenyewe kwa basi, tutafika karamu ya walima bado inaendelea."

Bibi alimpapasa shavu. Namwona mpaka leo, na zile kucha zake nyekundu za hina. "Mwacheni mkamwanangu, ana huruma, ndiyo maana ana wasiwasi," akawaambia wanawe. Kisha akamwambia mama polepole, "Nikibaki, hawa ndugu watagombana hapa hapa mbele ya wageni. Niache niende, mwanangu. Mungu yupo." Bibi alipanda ili wanawe wasigombane.

Mama akanishika mimi kifundo cha mkono. Nilipiga kelele, nilimng'ata, nilijitupa chini na gauni langu la njano. Hakuniachia. Gari likaondoka na vigelegele viwili vitatu vilivyokosa nguvu. Nikalia mpaka nikapitiwa na usingizi palepale kizingitini. Niliamshwa na pikipiki. Mtu aliyeiendesha hakuwa mtu wetu, na alikuwa akimuuliza mama kama hapa ndipo nyumbani kwa mwenye pikapu ya bluu.

Tairi la nyuma la kulia lilipasuka walipokwisha vuka daraja, mchana, lami ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye mwendo. Pikapu iliyumba ikalala mtaroni. Waliokuwa nyuma waliruka huku na huku, wakavunjika mikono na mbavu, wote wakapona. Baba Mkubwa alipasuka paji la uso. Baba hakupata hata mchubuko, na hilo nafikiri lilimuumiza kuliko jeraha. Bibi walimpeleka hospitali Utete, na kesho yake kabla ya alasiri akafariki.

Wanasema mkubwa ni jalala, taka zote hutupwa kwake. Sisi mkubwa tulikuwa naye, tena na bendeji kichwani, lakini taka zilipotafuta pa kutupwa zilimtafuta mama. Matanga yalikuwa hayajaisha. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani, na ukuta wa nyumba yetu haukuzuia neno. Baba Mkubwa hakupiga kelele. Alisema kwa huzuni, na huzuni yake ndiyo iliyowafanya watu wamsikilize.

"Mama yetu hakuuawa na tairi. Tairi ni mpira, limepita masika nzima bila neno. Mama yetu kauawa na mdomo. Safari ilichuriwa pale uani, kila mtu alisikia."

Mtu akasema lo. Mwingine akasema kweli, alisema hayatafika, na hayakufika. Halafu ikaja sauti ya mwanamke kutoka humu humu ndani, karibu na mimi, "Na mbona mwanawe alimzuia? Alijua." Na mwingine akaongeza, akiangalia pembeni, "Watu wa visiwani hao. Wana yao."

Mama alikuwa anamenya vitunguu vya pilau ya watu hao hao. Alisema mara moja tu, "Nilisema nilichokiona kwa macho." Nilimsubiri baba, huko nje, aseme kitu. Aseme kwamba mama alimwonyesha tairi. Aseme kwamba mama alimshika Bibi mkono. Nilimchungulia kupitia upenyo wa mlango: alikuwa ameinamia goti lake, anachuna uzi wa kanzu.

Sasa nitasema jambo linalonichoma zaidi. Mimi niliwaamini. Mtoto huamini kinachosemwa na wengi kwa sauti ndogo. Kuchuria nilikuwa nimefundishwa na Bibi mwenyewe, na mfano wake umezikwa pale. Nilianza kuyafuatilia maneno ya mama kama mtu anayefuatilia nyoka kwenye nyasi. Akisema wali utaungua, ukaungua, nilikimbilia uani. Akisema leo mvua itanyesha, nikatazama juu, na wingu likija nilihisi ndiye aliyeliita. Siku moja alinigusa paji la uso akasema, "Huyu ataumwa," nikamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usiseme, Mama! Tafadhali usiseme."

Sikumwona akilia kwenye matanga, wala baada yake. Siku hiyo alitoka nje akakaa nyuma ya choo, akarudi macho yamevimba. Tangu hapo, kwangu mimi, akawa na maneno machache. Njoo. Kula. Oga. Maneno ambayo hayawezi kumdhuru mtu.

Arobaini ilipopita baba akamwita chumbani. Mlango ulikuwa pazia. Nilisikia anamwambia, "Mimi sina ubaya na wewe, mama Zuhura. Lakini kaka amesema, na ndugu wamesema. Na mimi kila nikikuona, namwona mama anapanda gari."

"Mimi niliyemwambia asipande?"

"Ndiyo hivyo."

"Seif, nilikuonyesha tairi. Nilikwambia ushike."

Baba akakohoa. Kisha akatamka talaka, kwa sauti ya kusoma, kama mtu aliyekaririshwa. Mimi nilikwisha pita umri wa kubaki na mama, ndivyo walivyosema, kwa hiyo nilibaki Kibiti na shangazi mmoja aliyekuja kukaa nasi. Mama akafunga vitu vyake kwenye kanga mbili. Hakuwa na vingi. Asubuhi likaja gari la mtu mwingine la kwenda Nyamisati, limejaa wale wale akina mama wa kamba, na hakuna aliyemwamkia kwa sauti.

Nilisimama mlangoni kumngoja aniage. Mama yeyote humwachia mwanawe neno: soma kwa bidii, usimsumbue shangazi yako, nitakuja Idi. Mama alipiga magoti mbele yangu, akafungua mdomo. Akaufunga. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu akakikandamiza kidogo, akainuka, akapanda. Aliogopa kuniachia neno likanidhuru, au alijua kwamba mimi ndiye niliyeogopa. Nimeshindwa kuamua lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Baba Mkubwa aliendelea kuleta matairi. Kiangazi hicho na vilivyofuata, magari mengine yenye matairi ya mlima yalipasukiwa, moja Bungu, jingine njia ya Mtawanya, na kila moja lilipewa sababu yake. Huyu mwendo kasi. Yule alipita penye shetani. Mwingine alikuwa na husuda ya jirani. Kibiti nzima ilikuwa na macho na kucha, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mtu aliyechinjiwa kuku. Nawaambia ukweli, hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sitaki mtu anishauri niiache.

Likizo za shule nilikwenda deltani kwa mama. Tulijifunza upya kuzungumza, pole pole, kama watu waliougua. Nilipofika sekondari sikuamini tena habari za kuchuria, nikamwambia hivyo, akasema, "Vizuri." Lakini kutoamini si sawa na kujua. Hatukuwa na jibu la kuwapa watu: kwa nini matairi mazuri vile, mabichi vile, yalikwisha kama sabuni? Jibu nililikuta kwenye gereji ya Uswidi, kijana mwenye mikono ya mafuta akinieleza kitu kisichomshangaza hata yeye mwenyewe. Yalikuwa mabichi kwa sababu yalitengenezwa kwa baridi. Ukucha wetu ulisema kweli. Ni sisi tuliolivisha gari letu nguo ya theluji tukalipeleka kwenye lami ya Ndundu saa saba mchana.

Nikaomba likizo nikarudi. Baba amezeeka, anakaa kibarazani anauza vocha na sigara, mke wake wa pili ni mtu mzuri. Baba Mkubwa alikwisha kufa siku nyingi kwa sukari, na alizikwa kwa heshima zake zote. Nilimwonyesha baba picha kwenye simu: mlima, ua la theluji, gari limesimama kwenye weupe mtupu. Nikamweleza mpaka mwisho bila kupandisha sauti. Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akairudia kila picha. Nilidhani sasa, sasa atalisema lile ambalo hakulisema alipokuwa anachuna uzi wa kanzu.

"Kaka naye hakujua," akasema hatimaye. "Na marehemu hasemwi. Ilikuwa kadari ya Mungu, mwanangu. Siku ya mama ilikuwa imefika." Akanirudishia simu. Mteja akaja akataka sigara mbili.

Kesho yake nikashuka Nyamisati nikapanda boti ya mashine. Mama nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kibao, miguu kainyoosha, anamenya kamba kwenye beseni. Nywele zake zimekuwa nyeupe mbele tu. Nilichutama, nikamweleza yale yale niliyomweleza baba. Hakuacha kumenya. Nilipomwambia kwamba kule joto likianza kila mtu huyavua, mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mimi habari za theluji sizijui," akasema. "Niliona yanakwisha, nikasema yanakwisha."

"Najua, Mama."

"Baba yako umemwambia?"

"Nimemwambia. Na picha nimemwonyesha."

"Kasemaje?"

Sikutaka kumwambia. Akaninyanyulia uso akangoja, na mimi ni mtu ninayejua kungojewa kulivyo.

"Kasema ni kadari ya Mungu."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akachukua kamba mwingine, akamtoa kichwa.

"Unaona? Walipokuwa hawajui, kosa lilikuwa langu. Wamejua, limekuwa la Mungu."